Nguo ya Askari na Jina la Mtu

Mtu akitokea katika njia ya zamani ya Buta, kule Masako, kilomita kama 14 kutoka Kisangani, wenyeji humtazama nguo kabla ya kumtazama uso. Akiwa na shati la kawaida, huulizwa habari za safari. Akiwa na nguo ya madoa, ya kijani na kahawia, watoto huitwa ndani, na kuku nao hutafutwa upesi. Hakuna ajuaye bado kama mtu huyo ni mwema au mbaya, kama ametumwa au amejituma. Nguo imekwisha kusema kabla yake.

Basi sisi twauliza: nguo ya askari ikitenda tendo, ni nani atakayelijibu? Aliyeivaa husema, «Si mimi, ni kazi.» Aliyemvika husema, «Si sisi, ni watu wabaya waliovaa nguo zetu.» Na kati ya majibu haya mawili yule aliyenyang'anywa mbuzi wake hubaki bila mbuzi na bila mtu wa kumdai. Je, nguo yaweza kumwondolea mtu hatia, kama vile mwavuli unavyomwondolea mvua? Wengi katika parokia zetu wana mtoto au ndugu jeshini, na wengi wamepata kuumizwa na watu wenye nguo ile ile. Yawezekana nyumba moja ina yote mawili.

Ili tulifikiri jambo hili bila hasira, tuanze mbali, katika nchi ya Uskoti, iliyo kaskazini ya Uingereza. Huko kuna kitambaa cha askari ambacho asili yake yajulikana, na habari yake ni ya ajabu.

Watu wa milima ya Uskoti tangu zamani walivaa kitambaa cha sufu chenye miraba, nyuzi za rangi zikikatana, nyingine zikienda chini na nyingine kando. Chaitwa tartani. Hapo kwanza hakikuwa sare ya mtu yeyote. Mfumaji alitumia rangi alizozipata, na mtu alivaa alichofumiwa. Siku hizi watu wengi hudhani kwamba kila ukoo ulikuwa na miraba yake tangu enzi za mababu. Sivyo. Mawazo hayo yalipata nguvu hasa baada ya mwaka 1822, mfalme George wa Nne alipozuru mji wa Edinburgh, na Walter Scott, mwandishi wa hadithi, akaipanga sherehe nzima iwe ya miraba. Kabla ya koo kuwa na miraba yao iliyoandikwa vitabuni, askari walikuwa nayo tayari.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1725 serikali ya London iliunda vikosi vidogo vya wenyeji wa milimani, chini ya jenerali George Wade, ili wazuie wizi wa ng'ombe na kuwanyang'anya silaha jirani zao. Mwaka 1739 vikosi hivyo viliunganishwa kuwa kikosi kimoja kikubwa. Kwa lugha yao waliitwa Am Freiceadan Dubh, maana yake Walinzi Weusi, na Waingereza wakawaita Black Watch. Kitambaa chao kilikuwa cha rangi za giza: buluu, kijani na nyeusi. Hata leo huitwa tartani ya serikali.

Watu wale waliandikishwa wakidhani watalinda milima yao tu. Mwaka 1743 wakapelekwa London, na huko wakasikia uvumi kwamba watapakiwa merikebuni kwenda visiwa vya Amerika, mahali ambapo homa iliua askari kuliko risasi. Wengi wakaondoka usiku kurudi kwao. Wakakamatwa, na watatu wakapigwa risasi katika ngome ya London. Waliivaa nguo kwa sharti moja, na mwenye nguo akawataka kwa sharti jingine. Jambo hili tulishike, maana tutalikuta tena.

Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanja wa Culloden, tartani ilikuwako pande zote mbili. Miraba haikuweza kumwonyesha mtu adui yake. Waasi walijulikana kwa utepe mweupe walioubandika katika kofia zao. Waasi wakashindwa, na serikali ikatoa sheria iliyoanza kushika tarehe 1 Agosti 1747: mwanamume wa Uskoti asivae tena vazi la milimani. Akivaa mara ya kwanza, kifungo cha miezi sita. Akirudia, ahamishwe miaka saba ng'ambo ya bahari. Ila askari wa mfalme ndio walioruhusiwa. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1782.

Fikirini basi. Ndugu wawili wa mama mmoja, sufu ya kondoo wale wale. Mmoja aliyevaa kitambaa kile nyumbani kwake alifungwa gerezani; mwingine alikivaa kikosini akapewa mshahara na heshima. Kitambaa hakikuwa na dhambi wala utakatifu ndani yake. Kilichotofautiana ni hiki tu: nyuma ya ndugu wa pili alisimama mtu mwenye kusema, «Huyu ni wangu.» Mwenye kusema hivyo amejifunga, apende asipende, kuyajibu matendo ya huyo aliye wake.

Vikosi vingine vya milimani vilipoundwa, vilichukua kitambaa kile kile cha giza, ila vikaongeza kitu kidogo. Mwaka 1793, Duke wa Gordon alipokuwa akitayarisha kikosi chake, mtengenezaji nguo wa mji wa Huntly, jina lake William Forsyth, alimpelekea vielelezo vya miraba ile ya Walinzi Weusi iliyotiwa mstari wa manjano. Kikosi cha akina Mackenzie nacho kilikuwa na mistari myeupe na myekundu. Mstari mmoja tu wa uzi! Lakini kwa mstari huo mtu aliyesimama mbali aliweza kusema: hawa ni wa Gordon, wale si wa Gordon. Wakikimbia vitani, aibu ilijua mlango wa kwenda. Wakiiba kuku wa mwanamke mjane, yule mjane naye alijua mlango wa kubisha. Hatudhani kwamba Duke aliwafikiria wajane alipochagua manjano. Alifikiri sifa yake. Hata hivyo sifa na lawama husafiri kwa njia moja.

Kitambaa kile kimefika karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1953 askari wa Black Watch, wakitoka vita vya Korea, waliletwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Hatusemi kwamba mateso yaliyotendeka Kenya yalikuwa ya kikosi hicho. Wengi walishiriki vita ile, wenye nguo za namna nyingi. Lakini twajua kwamba mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya bunge lake kwamba watu waliteswa chini ya utawala wake, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Wazee walikuwa wamengoja miaka sitini, na wenzao wengi walikuwa wamekufa. Waliweza kudai kwa kuwa waliowapiga walikuwa na nguo, na nguo ilikuwa na mwenyewe.

Sasa turudi katika misitu yetu, maana hata hapa palikuwa na kitambaa cha wenye kuua, tena cha zamani.

Mashariki ya Kisangani, upande wa Bafwasende na mto Aruwimi, kati ya Wabali, walikuwako watu walioitwa anioto. Mwenye kazi ile alijifunika kichwa na mwili kwa nguo ya magome ya mti iliyopondwa, ikapakwa madoa meusi ifanane na ngozi ya chui. Mkononi alishika kucha za chuma. Tena wengine walikuwa na kijiti kilichochongwa mwisho wake, wakakibonyeza katika udongo ili kiache alama kama nyayo za mnyama. Asubuhi watu walikuta maiti, na nyayo za chui kando yake. Nani ameua? Chui ameua.

Wazungu waliipenda sana habari hii kwa ajili ya kutisha watu wao. Mchongaji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui mwaka 1913, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, na vizazi vya watoto wa Ubelgiji wakatoka pale wakidhani kwamba Kongo nzima ni hivyo. Walikosea. Anioto hawakuwa wazimu wa msituni. Wachunguzi wa siku hizi waonyesha kwamba wakuu walitumia watu hao katika ugomvi wa utawala, wa mali na wa biashara, hata wakati wa serikali ya Wabelgiji, ambapo mkuu hakuweza tena kupigana vita ya wazi. Yaani yalikuwa mauaji ya siasa. Nguo ya madoa ilifanya kazi moja tu: kuliondoa jina. Mkuu aliyetuma hakujulikana, aliyetumwa hakujulikana, na chui hapelekwi barazani.

Hapo ndipo tuonapo tofauti kubwa kati ya nguo mbili za silaha. Mstari wa manjano wa Gordon wasema, «Tazama, ni sisi.» Madoa ya anioto yasema, «Si sisi, ni mnyama.» Tungependa kusema kwamba serikali huvaa nguo ya kwanza na wauaji huvaa ya pili. Historia ya Kongo hairuhusu.

Tarehe 5 Agosti 1888 mfalme Leopold alitoa amri ya kuunda jeshi la Force Publique. Askari wake alivaa nguo ya buluu, tarbushi nyekundu kichwani na mshipi mwekundu kiunoni, miguu mitupu. Wa kwanza waliletwa kutoka Unguja na nchi za Wahausa, kisha wakaandikwa Wakongo wenyewe, na kila mtu alipelekwa mbali na kwao ili asimwonee huruma mtu wa lugha yake. Tarbushi ile ilionekana toka mbali; haikumficha mtu. Lakini siku za mpira, mikono ya watu ilipokatwa ili kuonyesha kwamba risasi haikupotea bure, swali letu lilizunguka bila kupata pa kutua. Askari alisema, ofisa ameamuru. Ofisa alisema, kampuni yataka mpira. Kampuni ilisema, mfalme ametoa ruhusa. Naye mfalme hakupata kukanyaga Kongo hata siku moja. Kumbe hata nguo nyekundu yaweza kuwa ngozi ya chui, ikiwa kila aliye juu hujifunika kwa aliye chini, na aliye chini kwa aliye juu!

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi, kwa kuwa maofisa walibaki wale wale wa zamani. Walivaa kwa sharti moja, wakatakwa kwa jingine, kama wale Waskoti wa 1743. Walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini wanawake walionajisiwa siku zile hawakuwa maofisa wa jeshi.

Kisha mwezi Agosti 1964 Wasimba waliingia Stanleyville, ndio Kisangani ya leo. Wengi walijivika ngozi za wanyama na majani, wakaamini kwamba maji ya dawa yatageuza risasi. Jina lao tena lilikuwa la mnyama. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliteremka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, nao wamevaa nguo za madoa. Na baadaye Rais Mobutu alivaa kofia ya ngozi ya chui miaka mingi, kichwa cha chui kikawekwa katika nembo ya Zaire. Katika nchi yetu chui amefanya kazi nyingi kuliko mnyama mwingine yeyote.

Hapa msomaji aliyekuwa askari atatukatiza. Atasema: «Ninyi mnaoandika hamjui risasi. Nguo ya madoa si ya kudanganya raia, ni ya kuokoa maisha. Mtu avae nyekundu apigwe kama ndege juu ya tawi?» Neno lake ni la haki. Ni kweli kwamba sanaa ya kujificha vitani ilianza kupangwa rasmi na Wafaransa mwaka 1915, nao waliita wachoraji wa picha kuifanya, kwa kuwa bunduki za siku zile zilikuwa zimekwisha kuwamaliza vijana waliovaa suruali nyekundu. Nguo ya madoa ya askari wao wa miavuli waliita kwa jina la chui. Hakuna dhambi kujificha mbele ya bunduki ya adui.

Lakini ndugu askari, kuna kujificha mbele ya risasi, na kuna kujificha mbele ya swali. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yawataka hata wapiganaji wasio wa jeshi rasmi wawe na alama isiyobadilika, inayotambulikana kwa mbali, ili wakikamatwa wahesabiwe kuwa askari. Mwili wafichwa kati ya majani, alama yabaki. Alama ikitoka na madoa yakabaki peke yake, tumerudi Bafwasende.

Na tusifikiri kwamba dawa yake ni kuvua nguo zote za kijeshi. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha zao. Aliwakataza kunyang'anya watu na kusingizia, akawataka waridhike na mshahara. Twaongeza sisi: sharti mshahara uwepo kwanza. Serikali inayomvika mtu, ikampa bunduki, kisha isimlipe miezi kadhaa, imemtuma kwa kuku wa Masako kwa mkono wake yenyewe, hata kama haikuandika amri.

Mtakatifu Martino naye alikuwa askari wa Roma. Penye lango la mji wa Amiens alikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu, na watu waliokuwapo wakamcheka kwa vazi lililobaki mabegani. Wengi hukumbuka hapo tu. Sisi twapenda zaidi yaliyofuata baadaye, aliposimama mbele ya mkuu wake Juliano siku ya kugawa zawadi za fedha, akakataa fedha na kukataa kupigana. Hakutoroka usiku. Alisema jina lake na sababu yake mchana, mbele ya mtu aliyeweza kumwua, akatiwa kifungoni. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 28, yasema kwamba mtu halazimiki kutii amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria, na mtumishi wa serikali afunguliwa wajibu wa kutii akiamriwa kuvunja haki za binadamu. Ni maneno mafupi, na mazito kwa kijana wa miaka 20 mwenye ofisa nyuma yake. Lakini yamekwisha kuandikwa, na maana yake ni kwamba chini ya nguo sheria yamwona mtu.

Je, na aliyemvika? Kisangani yajua jibu lake kwa uchungu. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yalipigana ndani ya mji wetu. Waganda walikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo, ndio upande wa Masako. Wanyarwanda walishika mji. Mabomu yalipita juu ya daraja la Tshopo yakaangukia nyumba, shule na makanisa, na raia mamia wakafa katika vita isiyokuwa yao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, ilitoa hukumu juu ya Uganda tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa mambo yote iliyoyatenda katika nchi yetu. Rwanda haikukubali kuhukumiwa na mahakama hiyo. Wote wawili walivaa sare, wote wawili walirusha mabomu, mmoja tu akapata mlango uliobishwa. Mama aliyempoteza mtoto siku ya tatu hakuweza kujua bomu lililomwua lilitoka ukingo gani wa mto. Mwenye kumjibu ni yule aliyekubali, au aliyelazimishwa, kusema: askari wale walikuwa wangu.

Katika habari za kila juma tunasoma maneno haya: «watu wenye silaha wasiojulikana, waliovaa sare». Mwandishi wa habari hana kosa, anaandika alichoambiwa. Lakini maneno hayo yanatupa shida, maana sare iliumbwa ili mtu ajulikane. Wakati mwingine ni wanyang'anyi walionunua nguo. Ndiyo sababu sheria yamkataza raia kuvaa sare ya jeshi, na ndiyo sababu askari anayeuza koti lake kuukuu ameuza kitu kisichokuwa chake. Wakati mwingine ni askari kweli, na neno «wasiojulikana» ni zawadi wanayopewa na mkubwa wao. Afisa anayesema hawajui watu waliopita usiku katika njia anayoilinda yeye mwenyewe, sharti aulizwe mara ya pili.

Askari wa majeshi mengi leo hushonewa kifuani kipande kidogo cha nguo chenye jina lake. Ni kidogo kuliko mstari wa manjano wa Gordon, na hakipambi kitu. Mama wa askari, akiifua nguo ya mwanawe aliyekuja likizo, hukipitishia sabuni kama sehemu nyingine. Mtu wa njia ya Buta hukitafuta kwa macho penye kizuizi, huku akishika karatasi zake kwa mikono miwili. Akikisoma, hujua anaongea na nani, naye askari hujua kwamba amesomwa. Akikuta nyuzi tu pale kilipobanduliwa, au mkanda wa risasi umevutwa juu yake, huanza kutafuta mfukoni kabla hajaombwa.